Pipa Nililolitoa Nyumbani

Niliacha kazi ya kutunza matangi ya samaki wa baharini mwezi uliopita. Funguo za nyumba nne za Mbinga na mbili za Songea, ambamo kwa miaka nilikuwa naingia kama kwangu, nimewakabidhi ninyi wawili, Fausta na Gaudensi, pamoja na kipima chumvi na daftari langu la vipimo. Mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, na nadhani mlitarajia kurasa za maelekezo. Maelekezo mtayapata humu. Lakini kuna mtu mmoja, Mama Kapinga, aliyepoteza kazi na jina lake zuri kwa sababu yangu, na nisipomwandika yeye, haya mengine yote yatakuwa ya kujisifu tu.

Sikuanza na maji ya chumvi. Mimi ni Mnyasa wa Kihagara, mtu wa ziwani, na ujana wangu niliumalizia Lundo, kwa mfanyabiashara aliyekuwa ananunua samaki wadogo wa rangi wa ziwani na kuwasafirisha wakiwa hai kwa watu wanaofuga samaki wa kutazama. Wazamiaji waliwaleta, mimi nikawafunga kwenye mifuko: maji kidogo, hewa nyingi, mpira mara mbili, kisha kwenye sanduku la povu gumu lisilopitisha baridi. Wazee wa kijijini walipita wakanitazama na kuuliza samaki hawa wanapikwaje. Nikisema hawapikwi, waliondoka wakitikisa kichwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba samaki anayefugwa huuawa na maji yake kabla hajauawa na kitu kingine chochote, na kwamba macho ya mtu hayatoshi kuyajua maji.

Biashara ile ilifungwa. Nilikuwa nimeoa Mmatengo, nikapanda milimani kwa wakwe, nikapewa kipande cha shamba la kahawa. Watani zangu walicheka sana. Mnyasa na kahawa wapi na wapi, walisema, huyu ataipanda majini. Niliipenda kahawa ile kwa sababu ya kucheka kwao, nikawa napalilia na kupulizia dawa kuliko hata wenye asili. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku moja Mzee Ndunguru alinitumia mtu. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa injini melini miaka thelathini, akarudi kwao Mbinga, akajenga nyumba katikati ya mibuni, na sebuleni akaweka tangi la kioo lenye lita mia nne. Mtu aliyekuwa anamsaidia alikuwa amehama, na yeye mwenyewe mgongo haukumruhusu tena kubeba ndoo. Nilipoingia nilimwamkia, naye baada ya kuitikia hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniambia nichovye kidole kwenye tangi, nilambe.

Nililamba, nikatema dirishani. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari, achilia mbali kuionja. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha nikafanya kosa la kwanza: nikamwambia kama tatizo ni chumvi tu, dukani ipo, nitakuja nayo kesho. Akaacha kucheka. Akanionyesha ndoo nyeupe yenye kifuniko iliyoletwa na basi kutoka Dar es Salaam, akaniambia kwamba ile ya jikoni ni chumvi moja, na bahari ni chumvi nyingi zilizokaa pamoja kwa vipimo vyake. Ukimwekea kamba wa baharini chumvi ya jikoni, ni sawa na kumlisha mtoto sukari tupu ukasema amekula.

Alinifundisha kuchanganya kwa wiki tatu kabla hajaniruhusu kuyagusa maji ya tangi. Maji kwanza, chumvi baadaye, wala si kinyume chake. Ukimwaga maji juu ya chumvi, nyingine huganda chini kama chokaa na haiyeyuki tena. Gramu thelathini na tano kwa lita ni za kuanzia, lakini mwisho wa maneno ni kipima chumvi, si mizani. Pampu ndogo izungushe maji ndani ya pipa usiku na mchana. Kifaa cha kupashia joto kiyafikishe nyuzi ishirini na tano, maana huku kwetu mwezi wa saba maji ya bomba yanakutia ganzi vidoleni. Usiyatumie siku hiyohiyo. Kesho yake, yakishakuwa maangavu, ndiyo uyapime na uyamimine taratibu. Na maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, unaongeza maji matamu, kwa sababu kilichopaa ni maji, chumvi imebaki. Wengi wanakosea hapo. Mimi sikukosea hapo.

Kulikuwa na kanuni nyingine aliyoirudia kila Jumatatu kama katekista. Mbinga kila nyumba ina kahawa, na kila penye kahawa kuna mrututu, ile dawa ya shaba, ya buluu, tunayopulizia mibuni isishikwe na ugonjwa. Ndoo ikikorogewa mrututu leo, kesho inachotea maji, keshokutwa inabebea pombe ya harusi, na hakuna anayekufa. Lakini kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi shaba, hata ile isiyoonekana kwa jicho. Mzee alisema chombo chochote kilichowahi kugusa dawa ya kahawa kisivuke kizingiti chake, hata kama kimeoshwa na malaika. Pipa lake la kuchanganyia lilikuwa jeupe, lilinunuliwa jipya, na halikuwahi kuazimwa. Majirani walimwona mchoyo.

Mama Kapinga ndiye aliyekuwa anaitunza nyumba ile. Alikuwa mjane wa Litembo, mtu mzima kunizidi, mwenye kusema kidogo na kwa sauti ya chini. Tangi halikuwa kazi yake, lakini ndani kulikuwa na kamba wawili wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, wa aina ambayo kazi yake baharini ni kuwasafisha samaki wengine. Mama Kapinga alipoingiza mkono, walikuwa wanatoka mafichoni, wanapanda vidoleni na kumchokoa kucha kwa miguu yao myembamba. Kwangu hawakuja hata mara moja. Kwa Mzee walikuja siku moja moja. Mama Kapinga alikuwa ananawa maji matupu na kusuuza hadi kwenye kiwiko kabla ya kuwasogelea, kisha anakaa pale dakika kumi, hatikisiki. Akaniambia siku moja kwamba tangu mume wake afariki hakuna aliyemshika mkono ila kwa salamu. Niliendelea kufuta kioo.

Mwaka mmoja umeme ulikatika siku mbili katikati ya baridi. Samaki wa tangi lile, wa rangi ya chungwa, walianza kulala ubavu. Mama Kapinga aliwasha kuni, akachemsha maji, tukajaza chupa, tukazitumbukiza kwenye tangi zielee, zikipoa tunabadilisha. Pampu ilikuwa imesimama, basi tukawa tunachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa, kwa zamu, huku tukisimuliana. Alinitania kwamba hatimaye Mnyasa amepata ziwa la kiasi chake. Hakufa hata samaki mmoja. Mzee, aliyekuwa safarini, aliporudi akatuita wote wawili mafundi, na Mama Kapinga alilifurahia jina lile kuliko mimi. Ninayasema haya mjue kwamba hakuwa mtu wa kupita tu katika kazi yangu.

Sasa nakuja kwenye pipa.

Ilikuwa masika, na Mzee alikwenda Songea kutazamwa macho. Aliniachia kazi moja, kubadilisha sehemu ya maji ya tangi siku ya Jumamosi. Alhamisi jioni nilikuta pipa jeupe limepasuka chini, limetoa ufa mrefu kuliko kiganja. Chombo kipya cha kufaa hakikuwepo dukani Mbinga wakati ule. Kilichokuwepo kilikuwa kimebebea mafuta. Ningeweza kumpigia Mzee simu. Ningeweza kungoja wiki nzima, na tangi lisingedhurika. Lakini Jumamosi mchana nilikuwa nimepanga kupulizia shamba langu kabla mvua haijakaza, na nilitaka Mzee arudi akute kila kitu kiko sawa, aniite fundi tena.

Nyumbani nilikuwa na pipa la plastiki, safi la kutazama. Msimu uliopita nilikoroga ndani yake mrututu. Nililisugua kwa mchanga na jivu, nikalisuuza kwa maji ya moto mara tatu, nikalianika juani, nikaingiza kichwa na kunusa. Halikunuka kitu. Shaba hainuki. Nililijua hilo, na bado nikanusa, nikajiridhisha. Nililifunga kwenye bodaboda nikalipeleka.

Maji yalitoka mazuri kuliko siku zote. Chumvi ilikaa mahali pake, joto lilikaa mahali pake, ukitazama ndani ya pipa unaona hadi chini. Jumamosi asubuhi nikayamimina. Nikalifunga pipa langu tena kwenye bodaboda, maana nilikuwa na kazi nalo shambani, nikaenda kupulizia kahawa.

Niliporudi saa tisa alasiri Mama Kapinga alikuwa amesimama mbele ya tangi ameshika mdomo. Konokono walikuwa wameachia kioo, wametapakaa chini. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kilikuwa kinajikata mikono yake. Kamba mmoja alikuwa amelala chali, mwingine anarukaruka bila mwelekeo, kisha naye akatulia. Na samaki walikuwa wanaogelea kama kawaida. Nikawatupia chakula, wakala. Hapo nikajua. Wenye mifupa wapo, wasio na mifupa wamekwisha. Hiyo ni saini ya shaba, Mzee alinifundisha mwenyewe, na hata ninyi nimewafundisha.

Mzee alifika jioni ileile. Alivua kofia, akatazama muda mrefu. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu ni nani amegusa nini. Kabla sijafungua kinywa Mama Kapinga akasema ni yeye. Akaeleza kwamba asubuhi alipokuwa anaosha vyombo aliona maji ya tangi yamepungua kidogo, akachukua kopo la kuongezea maji matamu kama tulivyomfundisha, na sasa akikumbuka hana hakika kama kopo lile halikuwa limeingia kwenye beseni la sabuni. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

Mzee akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa maji.

"Fundi, inaweza kuwa sabuni?"

"Inaweza, Mzee," nikasema.

Nimeligeuza jibu lile kwa miaka. Halikuwa uongo, maana sabuni nayo inaua. Ndivyo nilivyojitetea wiki ya kwanza. Lakini niliyaacha maneno mawili yafanye kazi ambayo uongo mzima ungeona aibu kuifanya. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, naogopa kurudi ziwani nikachekwe, na zaidi ya yote naogopa uso wa Mzee pale ambapo angejua kwamba kanuni aliyoirudia kila Jumatatu nilikuwa nimeivunja kwa makusudi. Mama Kapinga alikuwa amekosea kwa bahati mbaya, kama alikosea. Nilijiambia atasamehewa upesi.

Mama Kapinga hakurudi kazini baada ya siku ile. Mzee hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hataweza tena kumwona karibu na lile tangi, na kwa kuwa tangi lilikuwa sebuleni, maana yake ilikuwa nyumba nzima. Nilimbebea begi lake hadi kwenye gari la Litembo. Akanishukuru. Akaniomba, kama kamba wengine wakiletwa, nisuuze mikono vizuri kabla ya kuwagusa.

Kamba wengine waliletwa, na walikufa. Tukasubiri miezi, tukaleta wengine, wakafa. Shaba huingia kwenye mawe na mchanga na kutoka kidogo kidogo, na mawe yale Mzee aliyachagua mwenyewe pwani katika safari zake za mwisho. Nilimshauri ayatupe. Akauliza kwa nini, kama ni sabuni si imeshasafika? Ili kumjibu ilibidi nitaje pipa. Nikasema basi, tuyaache. Niliagiza kipimo cha shaba kwa siri, nikapima siku ambayo Mzee alikuwa kanisani, na maji yakabadilika rangi mbele yangu: shaba ilikuwa bado imo. Nikayamwaga kwenye sinki nikaosha kichupa. Kwa miaka iliyobaki Mzee alifuga samaki tu, na akawa anaamini kwamba Mama Kapinga ndiye aliyemmalizia bahari yake. Ndiyo aliyokuwa anawaambia wageni, na wageni wa Mbinga wana ndugu Litembo.

Mzee Ndunguru alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilikaa kando ya kitanda chake siku kadhaa. Alikuwa na akili timamu hadi mwisho, na tulizungumza mengi, meli, kahawa, bei za mbolea. Kila siku nilikwenda nikiwa nimeamua kusema, na kila siku nikarudi bila kusema. Nafasi hiyo siipati tena.

Watu wengine waliponiita kuwawekea matangi nikawa fundi mwenye sifa ya uangalifu. Mlinicheka nilipowakataza kupokea hata kikombe cha kuazima, mkasema mzee huyu ana wasiwasi wa ajabu. Sasa mnajua wasiwasi wenyewe ulitoka wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda Litembo. Mama Kapinga amezeeka, ila mgongo wake bado umenyooka. Nilimwamkia, akaitikia, akaniita Baba Anjela, kwa jina la binti yangu, kama zamani, akanipa kiti, akaniletea viazi na chai. Aliniuliza habari za tangi kabla ya habari za mke wangu. Nikamwambia chai nitainywa baadaye, kwanza nina neno. Nikamweleza yote, pipa, mrututu, bodaboda, na jibu nililompa Mzee. Sikuacha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa matusi.

Utando ulishafunga juu ya chai yangu. Kisha akauliza kama ameelewa vizuri, kwamba hata kama kopo lile lilikuwa na sabuni, wangekufa tu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Mzee alijua kabla hajafa. Nikasema hakujua.

"Kila Krismasi alinitumia salamu kwa mtu," akasema. "Mwambieni Mama Kapinga nimemsamehe. Kila mwaka, mpaka alipokufa. Na mimi kila mwaka nilirudisha jibu, mwambieni Mzee asante. Padri mwenyewe alikuwa ananipa mfano kwenye jumuiya, tazameni mtu aliyesamehewa."

Nikaanza kusema nisamehe, Mama. Akainua mkono, si kwa hasira.

"Usiniombe hilo. Sitakuambia nimekusamehe, Baba Anjela. Neno hilo mimi nalijua uzito wake, nimelibeba miaka yote likiwa si langu. Wewe nenda na kosa lako hivyo hivyo."

Nilikunywa ile chai ikiwa baridi, kwa sababu kuiacha kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili. Nilimwambia nitaandika, na nitawaambia watu wa Mbinga kwa jina langu. Akasema hayo ni yangu. Nilipoinuka naye akainuka, akanisindikiza kupita mibuni yake hadi njia kuu, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote wa heshima. Bodaboda ilipofika akanipa mkono, akanitakia safari njema. Hakuniambia karibu tena.